Aulizwaye na Aamuaye: Miji ya Ulaya na Utafiti kuhusu Vijana

Kuuliza si ujinga, walinena wahenga. Methali hii hukaririwa madarasani kana kwamba kazi ya mwulizaji hukoma pindi jibu linapopatikana. Je, jibu hilo ni mali ya nani? Na yule aliyeulizwa, ana haki gani ya kuliona likimrejea likiwa limegeuka kuwa uamuzi? Maswali haya yamo katika kiini cha mjadala ambao umeendelea barani Ulaya kwa zaidi ya miongo mitatu kuhusu vijana na serikali za mitaa. Madiwani na maafisa wa miji ya mataifa tofauti wamekuwa wakikutana, wakibadilishana hojaji, wakilinganisha takwimu na kupitisha maazimio, lengo likiwa kuwaelewa vijana na kuwatungia sera zinazowafaa. Makala haya yanashikilia kwamba ushirikiano huo umezaa matunda pale ambapo matokeo ya utafiti yalirejeshwa haraka katika mtaa yalikotoka. Yanashikilia pia kwamba hata pale ulipofaulu zaidi, umebakia na dosari ambayo wanaousifu hawapendi kuitaja: kijana huulizwa, lakini swali halitungi yeye.

Huenda msomaji akashangaa kwa nini jukumu hili liwe la miji ilhali kila taifa lina wizara zake. Sababu yenyewe si ngumu. Uwanja wa mpira, maktaba, ukumbi wa muziki, kituo cha vijana, ratiba ya basi la jioni na, katika nchi nyingi, shule yenyewe, vyote vimo mikononi mwa manispaa. Waziri aliye Stockholm anaweza kuchapisha sera yenye kurasa mia moja. Anayeamua kama mlango wa ukumbi utafungwa saa kumi na mbili jioni au saa nne usiku ni diwani. Utafiti unaotoa wastani wa taifa zima humfaa diwani huyo kwa nadra sana, kwa kuwa haumwambii lolote kuhusu vijana wanaoranda nje ya ofisi yake.

Mfano ulio bayana zaidi unatoka Aisilandi, kisiwa chenye watu wasiofika 400,000. Katika miaka ya 1990, vijana wa huko walikuwa miongoni mwa wanywaji pombe wakubwa kabisa wa rika lao barani Ulaya. Mnamo 1998, asilimia 42 ya wanafunzi wenye umri wa miaka 15 na 16 walikiri kuwa walikuwa wamelewa katika mwezi uliotangulia. Asilimia 23 walivuta sigara kila siku, na asilimia 17 walikuwa wamewahi kuvuta bangi. Kufikia 2016, viwango hivyo vilikuwa vimeshuka hadi asilimia 5, 3 na 7 mtawalia.

Mabadiliko hayo hayakuletwa na mahubiri. Shule zilikuwa zimekwisha kujaribu kuwafundisha wanafunzi madhara ya pombe na dawa za kulevya, na mafunzo hayo hayakufua dafu. Watafiti, akiwemo mwanasosholojia Inga Dóra Sigfúsdóttir, walianza kuuliza maswali ya namna nyingine. Hojaji yao haikuishia kwenye chupa na sigara. Iliuliza kijana hushinda jioni na nani, kama wazazi wake hujua aliko, kama hushiriki michezo au shughuli zilizopangwa, na anavyojihisi akiwa shuleni. Majibu yalionyesha kuwa walioepuka ulevi walikuwa na mambo kadhaa ya pamoja: walishiriki shughuli zilizopangwa mara kadhaa kwa wiki, walikaa na wazazi wao, walijihisi kuwa shuleni kuna anayewajali, na hawakuwa barabarani usiku wa manane.

Baada ya hapo ndipo sera zikafuata. Uuzaji wa tumbaku ukapigwa marufuku kwa walio chini ya miaka 18 na wa pombe kwa walio chini ya miaka 20. Matangazo ya bidhaa hizo yakakomeshwa. Watoto wenye umri wa miaka 13 hadi 16 wakatakiwa wawe nyumbani ifikapo saa nne usiku katika majira ya baridi. Fedha za umma zikaongezwa katika michezo, muziki, sanaa na dansi, na jiji la Reykjavik likaanzisha kadi ambayo familia huitumia kulipia shughuli za mtoto baada ya masomo. Wazazi nao wakahimizwa kukaa na watoto wao hata siku za kazi. Kati ya 1997 na 2012, vijana wa miaka 15 na 16 waliosema kuwa hufanya hivyo mara nyingi au karibu kila mara waliongezeka maradufu, kutoka asilimia 23 hadi asilimia 46.

Jambo linalostahili kuangaliwa kwa makini zaidi, na ambalo hutajwa kwa uchache, ni kalenda. Matokeo ya hojaji huchanganuliwa na kurejeshwa kwa kila manispaa na kila shule, yakihusu watoto wa papo hapo, katika muda wa takribani miezi miwili. Mzazi aliyeketi katika mkutano wa shule hasomewi habari za vijana wa Aisilandi kwa jumla. Anasomewa habari za darasa la mwanawe, ilhali mwanawe bado yumo darasani humo. Hoja haiwezi kuahirishwa kwa kisingizio kuwa takwimu zimechakaa au kuwa tatizo ni la mtaa wa jirani.

Wanafunzi wa fasihi simulizi watautambua uzito wa jambo hili bila kuhitaji ufafanuzi. Ni tasnifu ngapi zilizojengwa juu ya nyimbo na ngano za wazee wa vijijini, zikatahiniwa, zikajalidiwa, zikapangwa rafuni, bila hata mzee mmoja kusomewa ukurasa unaomhusu? Utafiti wa nyanjani una adabu yake ya kuingia, nayo hufundishwa. Adabu ya kurudi haina somo.

Mnamo 2006, Reykjavik iliamua kuitoa hojaji yake nje ya kisiwa kupitia mpango uliolenga vijana wa miji mbalimbali ya Ulaya. Miaka kumi na mmoja baadaye, manispaa 35 katika mataifa 17 zilikuwa zimeshiriki. Utaratibu ulikuwa uleule: timu moja ya watafiti, maswali ya msingi yaleyale, na matokeo kurejeshwa mjini yalikotoka. Mji wa Kaunas nchini Lituania ni kielelezo kizuri. Kati ya 2006 na 2014, idadi ya vijana wake wa miaka 15 na 16 waliolewa katika mwezi uliotangulia ilishuka kwa takribani robo, na ya waliovuta sigara kila siku kwa zaidi ya asilimia 30. Kaunas haikuwa na fedha za Reykjavik, na haikuiga kila kitu. Ilianzisha siku za familia kushiriki pamoja michezo bila malipo, ikazirudia mara kadhaa kwa mwaka. Hapa ndipo thamani ya ushirikiano baina ya miji inapoonekana: maswali yalikuwa ya pamoja, majibu yalikuwa ya Kaunas, na dawa ilichanganywa nyumbani.

Hata hivyo, haifai kutekwa na takwimu hizi pasi na tahadhari. Unywaji pombe miongoni mwa vijana ulipungua katika nchi nyingi za Ulaya katika kipindi hichohicho, kama zinavyoonyesha tafiti za shule ambazo zimefanywa kote barani kila baada ya miaka minne tangu 1995. Aisilandi ilishuka kwa kasi kuliko wengi, lakini haikushuka peke yake, na ni vigumu kupima ni sehemu gani ya mteremko huo iliyotokana na hojaji na ni ipi iliyotokana na mabadiliko ya zama. Isitoshe, kisiwa ambacho karibu kila mtu anafahamiana na jamaa ya mwenzake si sawa na jiji la watu milioni tatu. Wanasiasa wanaofunga safari hadi Reykjavik kutafuta muujiza wa kubeba mkobani wanapaswa kukumbushwa hayo. Na si wa Ulaya tu wanaohitaji kukumbushwa. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 linazikabidhi kaunti jukumu la kudhibiti dawa za kulevya, na hapana shaka siku moja kutakuwa na gavana atakayerudi kutoka safarini na sheria ya saa nne usiku, bila hojaji.

Dosari kubwa zaidi ni ya kimtazamo, nayo inawagusa wanaoshughulika na lugha. Katika istilahi za utafiti wa aina hii, kijana hutajwa kupitia visababishi vya hatari na visababishi vya kinga. Yeye ni kiumbe aliye ukingoni, anayeweza kutumbukia, na wajibu wa mji ni kujenga ua. Hali ni hiyohiyo katika tafiti za ajira. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, kifupisho cha Kiingereza NEET kimeenea kutoka Uingereza hadi katika ripoti za miji na mataifa kote Ulaya, kikimtaja kijana asiye kazini, asiye shuleni wala asiye katika mafunzo. Wahispania wana neno lao, ni-ni, lenye kejeli ndani yake: si wa huku wala si wa kule. Hebu mtu atafakari kuhusu jina linaloundwa kwa kukanusha mara mbili au tatu mfululizo. Linampa sifa gani anayeitwa hivyo? Mnamo 2013, wakati zaidi ya nusu ya vijana waliokuwa wakitafuta kazi nchini Ugiriki na Uhispania walikuwa wameikosa, jina hilo liliwahamishia vijana aibu ambayo kwa hakika ilikuwa ya uchumi ulioporomoka. Sera inayotungwa juu ya jina kama hilo huanza na upungufu wa kijana, na mara nyingi huishia hapo.

Upande wa pili wa ushirikiano wa serikali za mitaa ulijaribu kuanzia mahali pengine. Makao yake ni Strasbourg nchini Ufaransa, kwenye Baraza la Ulaya, ambako kuna Kongresi inayoziwakilisha serikali za mitaa na za mikoa za nchi wanachama. Mnamo 1992 ulipitishwa mkataba kuhusu ushiriki wa vijana katika maisha ya mitaa na mikoa, na tarehe 21 Mei 2003 Kongresi ikapitisha mkataba uliorekebishwa. Mkataba huu haumtazami kijana kama hatari. Unamtazama kama raia wa leo, na unazitaka manispaa zimhakikishie haki ya kushiriki pamoja na nyenzo, nafasi, fursa na, inapobidi, msaada wa kufanya hivyo. Unataja usafiri, makazi, ajira, utamaduni, afya, usawa wa kijinsia, na unapendekeza mabaraza ya vijana yenye bajeti. Tangu 2014, Kongresi yenyewe imekuwa ikiwaalika wajumbe vijana kutoka nchi wanachama kuhudhuria vikao vyake.

Ni maneno mazuri. Udhaifu wake ni kwamba mkataba huo ni pendekezo; hakuna manispaa inayoshtakiwa kwa kuupuuza. Tena, ushiriki unaohimizwa humo haupimwi kwa namna ambayo ulevi wa Kaunas ulipimwa. Mji unaweza kuunda baraza la vijana, ukalipiga picha pamoja na meya, ukalitaja katika ripoti, na isijulikane kamwe kama kuna uamuzi hata mmoja uliobadilika kwa sababu yake. Yamkini mabaraza mengi ya aina hii yamekuwa mapambo. Hali kadhalika taji la Mji Mkuu wa Vijana wa Ulaya, ambalo hutolewa na Jukwaa la Vijana la Ulaya na ambalo Rotterdam ilikuwa ya kwanza kulivaa mwaka wa 2009. Mwaka wa taji huwa na tamasha, makongamano na wageni. Kinachosalia baada ya mwaka huo hutegemea sana kama mji ulikuwa umeweka utaratibu wa kuwasikiliza vijana wake kabla ya sherehe kuanza.

Basi pana mikondo miwili. Mmoja unapima bila kumpa kijana mamlaka, na mwingine unampa kijana jukwaa bila kupima lolote. Jambo la ajabu ni kuwa kwa muda mrefu mikondo hii imepita katika miji ileile bila kukutana, afisa wa afya akisimamia mmoja na afisa wa utamaduni mwingine, kila mmoja na safari zake za nje.

Mahali ilipokaribia kukutana ni katika nchi za Nodiki. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, asasi ya serikali ya Uswidi inayoshughulikia masuala ya vijana iliziandalia manispaa hojaji ya pamoja iitwayo Lupp, neno ambalo kwa Kiswidi lina maana ya kioo cha kukuzia. Uswidi ina manispaa 290, na kila moja ilikuwa huru kuitumia au kuiacha. Hojaji hii iliuliza kuhusu burudani, shule, afya, usalama na kazi. Lakini pia iliuliza kama kijana anataka kushiriki katika maamuzi ya manispaa yake, na kama anaamini kuwa ana njia ya kuwafikia wanaoamua. Swali hili linabadilisha mambo. Manispaa inayogundua kuwa vijana wake wanataka kushiriki lakini hawaoni mlango haiwezi kuwalaumu vijana. Takwimu zinaihukumu manispaa yenyewe. Ufini ilikwenda mbele zaidi kwa kutumia sheria. Sheria yake ya serikali za mitaa ya 2015 inaitaka kila manispaa iwe na baraza la vijana au chombo mfano wake, na kukipa nafasi ya kuathiri mipango ya manispaa. Kilichokuwa hisani kikawa wajibu.

Kura nayo ina nafasi yake. Austria iliteremsha umri wa kupiga kura hadi miaka 16 mnamo 2007. Uskoti ilifanya vivyo hivyo mnamo 2015 kwa chaguzi za bunge lake na za mabaraza ya mitaa, na Estonia ikawaruhusu wa umri huo kushiriki katika uchaguzi wa mitaa wa 2017. Diwani anayejua kwamba aliyejaza hojaji atashika karatasi ya kura kabla ya kumaliza shule huisoma ripoti kwa macho mengine kabisa. Wapo wanaodai kuwa mtoto wa miaka 16 hajapevuka kiasi cha kuchagua. Ajabu ni kuwa mtoto huyohuyo huonekana amepevuka kiasi cha kueleza kwa usahihi, katika hojaji, habari za nyumba yao na za moyo wake.

Hapana budi pia kugusia fedha, ijapokuwa kwa ufupi. Nchini Uingereza, matumizi ya mabaraza ya mitaa katika huduma za vijana yalipunguzwa kwa zaidi ya thuluthi mbili katika miaka iliyofuata 2010. Mnamo Septemba 2023, baraza la jiji la Birmingham lilitangaza rasmi kuwa haliwezi kusawazisha bajeti yake. Hakuna hojaji, iwe imetungwa kwa ustadi ulioje, inayoweza kukifungua tena kituo kilichouzwa. Mji unaowauliza vijana wake wanachohitaji ilhali umekwisha kuamua kufunga wanachokitaja unawafunza somo moja tu, kwamba kujibu ni kupoteza wakati.

Ushirikiano unaofaa basi ungekuwa na mambo machache yasiyohitaji mkutano mwingine wa kilele. Hojaji ya pamoja ibakie, kwa kuwa ulinganisho baina ya miji una manufaa. Sehemu yake moja itungwe na baraza la vijana la kila mji, kwa lugha wanayoizungumza, na isihaririwe na watafiti hadi ikapoteza ladha. Matokeo yarejee ndani ya miezi miwili kama ilivyo Reykjavik, na yafike kabla ya bajeti kupitishwa, yakisomwa mbele ya madiwani na walewale walioulizwa. Kisha mwaka unaofuata iulizwe wazi: mlisema hivi, tulifanya hivi, je, mmeona tofauti? Watafiti watalalamika kuwa maswali ya mji mmoja hayawezi kulinganishwa na ya mwingine. Ni kweli. Baadhi ya mambo hayana haja ya kulinganishwa.

Mji wa Lviv, magharibi mwa Ukraini, ulivaa taji la Mji Mkuu wa Vijana wa Ulaya mwaka wa 2025, vita vilivyoanza Februari 2022 vikiwa bado vinaendelea. Mwaka mmoja kabla, nchi hiyo ilikuwa imeteremsha umri wa kuandikishwa vitani kutoka miaka 27 hadi 25. Swali la Reykjavik kuhusu saa ambayo kijana hurejea nyumbani lingekuwa na maana gani katika mji ambao amri ya kutotoka nje usiku ilitokana na makombora? Na yule anayeulizwa kama hukaa na wazazi wake siku za kazi angejibu nini iwapo baba yuko mstari wa mbele na mama amevuka mpaka na wadogo zake kuingia Poland? Vijana wa Lviv wanajua wanachostahili kuulizwa, na wanajua pia ni nani anayepaswa kujibu. Hojaji ya pamoja ikifika kwao, ukurasa wa kwanza ufike ukiwa mtupu, wauandike wenyewe, na wa kwanza kuujaza awe meya.